Canter Inadedi Kila Ukiachilia Mafuta? Soma Hii Kabla Fundi Akuambie Pampu Imeisha

Picha ni hii. Umetoka Ogwedhi mapema, Canter ya mbuyu imebeba magunia ya mahindi kutoka upande wa Transmara, unatafuta barabara kubwa ya Migori. Hadi hapo mambo ni fiti. Injini inavuta, mlima inapanda, moshi ni wa kawaida. Unafika kwa bampu, unaachilia mafuta, unakanyaga klachi ubadilishe gia... kimya. Moti imededi. Taa nyekundu zote zimewaka kwa dashibodi, usukani umekuwa mzito kama kuna msee anauvuta upande ule mwingine, na nyuma yako kuna boda wanne wanapiga honi kama wamelipwa.

Unapiga stata, inawaka mara ya kwanza. Unaendelea. Bampu inayofuata, story ni ile ile.

Unapeleka kwa fundi. Anasikiliza sekunde kumi, anatikisa kichwa, anakuambia, "Pampu imeisha." Hajafungua kitu. Hajauliza swali. Na kutoa pampu, kuipeleka Kisii ama Kisumu ipimwe kwa mashine, na kuirudisha, hiyo ni doh ya watu kuuziana ng'ombe. Sasa kabla mzee auze ng'ombe, tukuchanue. Mara nyingi shida ya lori ya zamani kuzima ikiwa imesimama inaanzia nje ya pampu, kwa vitu unaweza kuangalia wewe mwenyewe ukiwa na spana, taa, chupa ya soda na masaa mawili bila mvua.

Tukubaliane kwanza kwa jina. Ule mngurumo wa injini ikiwa imewaka lakini hujakanyaga mafuta, mafundi wa upande wa Sirari na Tanzania kwa jumla huuita sailensa. Huku kwetu sailensa ni ile bomba ya ekzosi, lakini leo tuazime neno lao, ni tamu na ni fupi. Kwa hivyo tatizo letu ni hili: moti haishiki sailensa.

Hii si aibu ya barabarani tu

Wasee wengi wanaichukulia kama usumbufu. Unawasha tena, unacheka na tanboi, maisha yanaendelea. Zii. Angalia breki.

Canter nyingi za zamani zina breki za mafuta zinazosaidiwa na vakyumu, na hiyo vakyumu inatengenezwa na kipampu kilichofungwa nyuma ya alternata. Injini ikizima kipampu kinasimama. Unabaki na vakyumu iliyohifadhiwa kwa tangi lake, inayotosha kukanyaga mara chache, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Breki zipo, lakini sasa unazikanyaga kwa nguvu ya mguu wako peke yake, na nyuma una tani kadhaa za mahindi ama miwa ya Awendo. Lori za breki za upepo nazo, kompresa ikisimama, umebakisha upepo ulio kwa tanki. Usukani wa pawa unapoteza usaidizi hapo hapo.

Na shida hii hutokea lini? Ukiachilia mafuta. Unaachilia mafuta lini? Ukiteremka, ukikaribia soko, ukiona ng'ombe za watu zinavuka. Yaani inazima wakati kamili unaohitaji breki na usukani.

So hadi itengenezwe: usiteremke ukiwa fri, hata kama dere wa zamani alikuambia inaokoa mafuta. Kaa kwa gia. Magurudumu yakiwa yanazungusha injini kupitia gia, ni ngumu izime, na kipampu cha vakyumu kinaendelea kuzunguka. Canter nyingi pia zina kinobu kwa dashibodi cha kuongeza sailensa kwa mkono. Kiongeze kidogo upeleke gari hadi kwa fundi. Lakini hiyo ni panadol. Usiishi nayo.

Kwa nini izime ikisimama, na mbio inakimbia vizuri?

Hapa ndio watu wengi hupotezwa. Akili inakuambia kama mafuta hayafiki vizuri, basi shida ingeonekana mlimani, si kwa bampu. Fanya hesabu na mimi.

Chukua injini ya 4D33, ile ya Canter nyingi unazoziona huku. Silinda nne, ujazo wa sisi 4,214. Kwa sailensa inazunguka kama mara 650 kwa dakika. Kila silinda inapata mafuta mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hivyo ni mara 325 kwa silinda moja, mara 1,300 kwa zote nne. Kwa saa moja hiyo ni mara 78,000. Tuseme ikiwa imesimama inakunywa lita moja kwa saa, kukadiria tu. Lita moja ni milimita za ujazo milioni moja. Gawanya kwa 78,000 unapata kama 13.

Tone moja la maji lina kama milimita za ujazo 50. Kwa hivyo kila nozeli ikipiga kwa sailensa, inatoa kama robo ya tone. Robo ya tone! Na ndani ya hiyo robo, kipovu kidogo cha hewa kikiingia, silinda hiyo imekosa chakula. Dizeli haibaniki kirahisi, ndio maana pampu inaweza kuisukuma kwa presha ya zaidi ya mara 100 ya hewa tunayopumua. Hewa inabanika kama sponji. Pampu inasukuma, kipovu kinajikunja, nozeli haifunguki.

Ukiwa mbio, kila pigo ni kubwa mara kadhaa na flaiwili nzito inazunguka kwa kasi, silinda moja ikikosa kidogo hata huhisi. Kwa sailensa hakuna akiba. Silinda ikikosa mara mbili mfululizo, mzunguko unashuka na injini haina nguvu ya kujivuta juu tena.

Kuna kifaa kinachojaribu kuiokoa: gavana, ndani ya pampu. Ni vyuma vinavyozunguka na springi. Mzunguko ukishuka, vyuma vinalala, springi inasukuma raki iongeze mafuta. Ni wazo lile lile James Watt alilifunga kwa injini ya mvuke mwaka 1788, na Bosch walipoanza kutengeneza pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927 ndio njia ya malori ya aina hii ilifunguka. Gavana anaweza kuitisha mafuta zaidi. Lakini kama kinachokuja ni povu, atafanya nini?

Ndio maana mtu akikuambia "pampu imeisha" kabla hajaangalia hewa, muulize kwa heshima. Kama amekuzidi umri mwambie, "Mzee, tuanze na hosi kwanza." Kama ni wa rika lako, "Omera, hebu tucheki upepo." Fundi mzuri hatakasirika.

Kabla ya spana, maswali

Dere aliye makini ni nusu ya fundi. Jiulize inazima lini.

Asubuhi tu, ikilala usiku, halafu ikishawaka dakika tano inatulia? Mafuta yanarudi tanki usiku na hewa inachukua nafasi yake. Tafuta panapovuja.

Ikiwa baridi iko sawa, ikichemka ndio inaanza kuyumba? Hapo fikiria dizeli iliyochanganywa, pampu iliyochakaa ndani, ama nozeli inayokojoa badala ya kupuliza.

Ikiwa imebakisha robo tanki, ama imeegeshwa kwa mteremko? Bomba la kunyonya ndani ya tanki lina ufa ama limevunjika, ama chujio chake kimeziba.

Unapokata usukani hadi mwisho? Hapo injini imepewa mzigo na sailensa iko chini sana. Hii huenda ni skrubu tu.

Na moja muhimu: inazimaje? Kama inayumba kwanza, duf duf duf, halafu inakufa, hiyo ni mafuta ama hewa. Kama inakatika ghafla kama mtu amezima swichi, usiguse mabomba. Enda kwa waya na kifaa cha kuzimia.

Sasa tupige kazi

Egesha mahali tambarare, handbreki, mawe chini ya magurudumu. Ukiinua kabini ya Canter hakikisha chuma cha kushikilia kimeingia na kimefungwa na pini yake. Usitie kichwa chini ya kabini iliyosimamishwa na mti ama na tanboi. Hiyo si mchezo.

Anza na tanki, ni rahisi na watu hulidharau. Mfuniko wa orijino uliibiwa mwaka gani? Wengi wameweka kitambaa na juala, kisha wakafunga na kamba ya mpira. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, mnazitoa wapi bado?) Tanki lazima lipumue. Mafuta yakitoka bila hewa kuingia, tanki linavuta kinyume na mwisho pampu inashindwa. Jaribu hivi: moti ikianza kuyumba, fungua mfuniko. Ukisikia "fsss" na injini ikatulia, umeshapata mwizi. Kitambaa nacho huacha nyuzi, nyuzi zinaenda kukaa kwa chujio. Nunua mfuniko.

Halafu maji. Chini ya filta, ama kwa kikombe chake cha kutenganisha, kuna skrubu ya kumwaga. Weka chupa safi ya plastiki, fungua, kusanya kama glasi moja. Iache itulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini na utaona mstari. Ukiona mchanga ama kitu kama kamasi nyeusi, filta imekula chumvi nyingi, badilisha. Usiioshe na petroli ukairudisha. Najua wengi hufanya, na ndio maana wanarudi kwa fundi kila wiki.

Ukishika hiyo chupa, nusa. Dizeli ya kununua kwa mitungi kando ya barabara mara nyingine ina mafuta ya taa ndani. Septemba 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuchanganya kusiwe na faida, lakini ujanja haukuisha siku hiyo. Mafuta ya taa ni mepesi, na pampu ya zamani inategemea dizeli kulainisha vyuma vyake. Yakichemka yanapenya kando ya plunja zilizochakaa, robo ya tone inakuwa pungufu zaidi, na moti inadedi ikiwa moto. Jaza nusu tanki kutoka kwa stesheni unayoiamini, endesha siku moja. Kama tabia imebadilika, hukuwa na shida ya injini. Ulikuwa na shida ya soko.

Hewa, ndio mshukiwa mkuu

Hapa tukae kidogo.

Watu hutafuta hosi inayovuja dizeli. Wanaangalia, hakuna tone, wanasema mabomba ni mazima. Lakini kuanzia tanki hadi kwenye pampu ndogo ya kuvuta, ile yenye kitufe cha mkono, bomba linanyonya. Kama mrija wa soda wenye tundu: soda haimwagiki, unavuta hewa tu. Upande huo unaweza kuwa na ufa na chini pakavu kabisa. Upande wa pili, kutoka pampu ndogo hadi filta hadi pampu kubwa, ndio unaovuja nje ukiharibika.

Kwa hivyo usitafute umajimaji, tafuta mapovu. Nunua futi mbili za hosi nyeupe inayoonyesha ndani, inayostahimili dizeli, unene sawa na ya gari. Ifunge mahali mafuta yanaingia pampu kubwa, baada ya filta. Washa, acha kwa sailensa, angalia. Mafuta yanafaa kupita kama kioo. Ukiona shanga za mapovu zinakimbia mfululizo, na kila zikiwa nyingi injini inayumba, basi una jibu.

Sasa hewa inaingilia wapi? Njia ya haraka ni mtungi. Chukua mtungi safi wa lita tano, jaza dizeli safi, uweke juu kuliko pampu, mbali na ekzosi. Toa bomba linalotoka tanki mahali linapoingia pampu ndogo, uweke hosi ya mtungi hapo. Bomba la kurudisha mafuta liache liende tanki kama kawaida. Toa upepo, washa. Moti ikitulia na ikae nusu saa bila kuyumba, pampu kubwa umeiondolea kesi. Shida iko kati ya tanki na hapo: hosi ya mpira iliyokauka inapopinda kwa chasisi, klampu iliyolegea, bomba la chuma lililosuguliwa na boriti hadi likatoboka, ama bomba la kunyonya ndani ya tanki lenyewe. Rafu rodi za huku zinatingisha kila kitu. Hizi zote ni vitu vya mia chache.

Ikiendelea kuyumba hata na mtungi, songa mbele. Pete za shaba kwa kila kiungo, zikitumika mara tatu huwa zimebapa, weka mpya. Kitufe cha pampu ya mkono: kikilegea ama raba yake ikiisha kinavuta hewa kila mara. Paka dizeli ama grisi kidogo kukizunguka injini ikiwa imewaka. Tabia ikibadilika, ndicho. Halafu mabomba membamba ya kurudisha mafuta juu ya nozeli. Yakivuja yanaacha mafuta yarudi usiku, ndio maana asubuhi unapiga stata hadi betri inalia.

Kitu kimoja: usivute dizeli kwa mdomo kutumia hosi. Ikiteleza ikaingia mapafuni, matone machache tu yanatosha kukulaza hospitali. Tumia kile kitufe cha mkono, ndio kazi yake.

Kutoa upepo kwenyewe ni hivi. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga kitufe cha mkono hadi povu liishe na mafuta yatoke mazima, kaza mafuta yakiwa bado yanatoka. Rudia kwa skrubu ya pampu kubwa. Ukikaza baada ya kuacha kupiga, umefungia hewa ndani na utaanza tena. Kama bado haiwaki, legeza nati za mabomba mawili kwa nozeli, mwambie mwenzako apige stata kidogo, mafuta yakitoka kaza.

Kama inakatika ghafla

Injini za dizeli hazina plagi za cheche, kwa hivyo kuzima ni kukata mafuta. Canter za zamani hutumia kamba ama mota ndogo inayovuta mkono wa pampu. Angalia kama ule mkono unarudi mwisho kabisa ukishawasha. Kamba ikikwama na kutu, inabaki imevuta nusu. Mafuta kidogo kwa kamba na springi mpya, umemaliza.

Pampu za aina nyingine, kama ile ya Isuzu 4JB1 na Hilux nyingi za zamani za dizeli, zina solenoidi yenye waya mmoja. Waya ukilegea, mtetemo wa sailensa unaupoteza sekunde moja na kazi imeisha. Tingisha waya injini ikiwa imewaka. Ikizima ukiutingisha, safisha na ukaze. Kujaribu, unaweza kuupa umeme moja kwa moja kutoka betri, lakini kumbuka ukifanya hivyo ufunguo hautazima injini. Lazima utoe huo waya.

Skrubu, nozeli na zile zingine

Baada ya haya yote, si kabla, ndio unagusa skrubu ya sailensa. Ukianza nayo utaificha shida: moti itakaa imewaka kwa sababu umeipandisha, lakini hewa bado inaingia na mafuta yanachomeka bure. Hakikisha kwanza kamba ya aksilereta haijavutwa wala haijalegea kupita kiasi. Halafu injini ikiwa imechemka, legeza nati, pandisha robo mzunguko kwa robo mzunguko hadi iwe imetulia na kabini haitetemeki. Kitabu cha injini yako kina namba yake.

Na kuna skrubu nyingine kwa pampu hiyo hiyo, mara nyingi imefungwa na waya mdogo wenye lakiri ya risasi. Hiyo usiguse. Usiguse, buda. Inapanga mafuta ya juu kabisa na mzunguko wa mwisho. Mafundi wengine huipindua ndio lori "iamke". Inaamka kweli: moshi mweusi, injini inachemka, na ikikosea sana inazunguka kupita uwezo wake hadi ivunjike.

Kujua silinda gani ni mvivu, injini ikiwa kwa sailensa legeza nati ya bomba la nozeli moja moja, kidogo tu, na kitambaa juu. Mngurumo ukibadilika, hiyo silinda ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, ndiyo hiyo. Weka mkono mbali na mafuta yanayoruka. Yanapenya ngozi, na kidonda chake kwa nje kinaonekana kama cha sindano tu huku ndani nyama inaoza, unaenda hospitali siku hiyo hiyo. Na jaribio hili ni la pampu za zamani peke yake. Injini mpya za komoni reli zina presha ya zaidi ya mara 1,000 ya hewa, usizilegeze hata kidogo.

Silinda ikiwa imejulikana, badilishanisha nozeli yake na ya jirani. Uvivu ukihama, nozeli ndiyo mbaya, itolewe ipimwe. Uvivu ukibaki palepale, angalia nafasi ya valvu, kisha komprashoni. Komprashoni ikiwa imeisha tunaongea mambo ya ringi na pistoni, na hiyo ni siku nyingine na mkutano wa familia.

Kama ndai yako ni ya petroli, zile Pijo 504 za pikapu ama Hilux za kabureta, njia ni fupi. Ukiachilia mafuta, kabureta inategemea tundu dogo sana la sailensa na solenoidi yake. Tundu likiziba uchafu, inazima ukiachilia na inakimbia ukikanyaga, dalili zile zile. Puliza tundu na upepo, usilitoboe na waya. Na uangalie hosi za vakyumu, hasa inayoenda kwa busta ya breki. Kama inazima kila ukikanyaga breki, busta yenyewe imepasuka ndani, na hiyo usiendeshe.

Ukishatengeneza, pima namna hii kabla ya kupakia. Acha moti ikae kwa sailensa dakika ishirini. Washa taa zote. Kata usukani hadi mwisho kushoto, halafu kulia. Kanyaga breki mara tano mfululizo. Peleka mbio injini halafu achilia ghafla, mara kadhaa, iwe inashuka na kushika bila kuyumba. Izime, ilale usiku, na asubuhi piga stata mara moja bila kupiga kitufe cha mkono. Ikiwaka na kushika, rudisha hosi nyeusi mahali ile nyeupe ilikuwa, hosi nyeupe uiweke chini ya kiti pamoja na pete tano za shaba na klampu mbili, halafu mpigie wa mahindi umwambie apakie.